Fundi Aliyekataa Magadi

Siku ile mjinga alikuwa Kasmir, na ukimbana vizuri leo hakatai. Zamani alikuwa akikataa. Alikuwa na orodha ndefu ya kulaumu, kuanzia baridi ya Julai hadi kiwanda kilichotengeneza rangi. Siku hizi anajikuna kisogo, anacheka, anasema, "Mjinga nilikuwa mimi. Lakini jamani, nilikuwa mjinga mwenye brashi nzuri."

Brashi ilikuwa nzuri kweli. Alirudi nayo kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa kwenye gazeti kama samaki mkavu. Sasa, mtu wa Kasense, huku kwetu Sumbawanga, akikaa Dar miaka sita halafu akarudi na brashi tu, watu hunyamaza kidogo kwa adabu, kisha humpa jina. Kasmir walimpa la Fundi Dar. Wachache walilitamka kwa heshima. Waliobaki walilitamka kama mtu anavyomwita Simba yule mbwa wake anayekimbia kuku.

Kijiweni pa bodaboda alisimulia maghorofa aliyoyapaka. Ghorofa ya kumi na mbili, upepo unavuma, yeye yuko juu na brashi mkononi, chini watu wadogo kama siafu. Jambo ambalo hakulisimulia ni kwamba katika miaka hiyo sita, minne aliimaliza chini, miongoni mwa siafu, ameshika ngazi ili wengine wapande. Miwili iliyobaki alikoroga rangi. Si kazi za aibu hizo. Ngazi isiposhikwa mtu huvunjika kiuno. Ila Kasmir alijidanganya kwamba kwa kuwa alitazama juu miaka minne mfululizo, basi ufundi ulimdondokea.

Wakati huo alikuwa akilala kwenye chumba cha uani kwa kaka yake, na shemeji yake alikuwa na namna ya kumpakulia ugali ambayo ilimkumbusha, bila neno hata moja, kwamba ulezi umevunwa, umepigwa, umepepetwa na kuwekwa ghalani, yeye akiwa bado anasimulia ghorofa ya kumi na mbili. Kasmir alihitaji kazi. Tena si kazi yoyote, ila kazi ya kuonekana, ambayo baada yake hakuna atakayemwita Fundi Dar huku anaficha meno.

Na kazi hiyo ilikuwepo. Ilikuwa kanisani kigangoni.

Nyuma ya altare ya kigango kulikuwa na ukuta mzima wa mbao za mninga, umepigwa vanishi, kazi ya marehemu Gabriel, seremala ambaye mpaka leo Kasense wanamtaja wakitaka kuwatukana maseremala wengine. Kwa miaka mingi ya ubani na mishumaa mbao zile zilikuwa zimekolea weusi hata Padri alionekana kama anatokea pangoni. Kamati ikaamua zipakwe rangi nyeupe kabla Askofu hajaja kutoa Kipaimara mwezi wa tisa. Atakayeupaka ukuta ule, kazi yake itatazamwa kila Jumapili na waumini wote, hasa wale wasiopenda mahubiri.

Jumatatu moja Kasmir akaomba. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mathias, ni mtu ambaye hafungui mwavuli mpaka aulize mvua hiyo imeanzia wapi. Akaweka sharti.

"Gabriel alipigilia mbao kama zile zile sebuleni kwake," alisema. "Mjane wake Klementina ni shangazi yako, na anataka ukuta wake upakwe. Anza kwake. Ijumaa saa tatu asubuhi mimi na katibu tutakuja kuutazama. Ukitupendeza, wa kanisa ni wako. Usipotupendeza, tutamwita fundi wa Sumbawanga mjini."

"Mzee wangu," Kasmir akajibu, "Ijumaa mtahitaji miwani ya jua."

Miwani aliivaa yeye, Jumatatu ile ile, akaingia nayo kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona miwani nyeusi ndani ya nyumba? Sebule yenyewe giza."

"Ni ya kukinga vumbi, shangazi."

"Vumbi gani? Hujalitimua bado."

Klementina alikuwa na miaka karibu sabini, mwembamba, mgongo umenyooka, na alikuwa wa aina ile ya watu wanaosema kwa sauti ya chini ili usogee karibu upigwe vizuri. Watu walidhani atalia mbao za marehemu zikipakwa rangi. Hakulia.

"Gabriel alitaka tukae kama nyuki ndani ya mzinga," alisema, akiupapasa ukuta. "Baridi ya Ufipa aliiogopa kuliko dhambi. Sawa, mbao zimetukinga. Lakini macho yangu yamechoka. Nataka sebule ambayo sindano ikianguka niione mimi kabla mguu haujaiona. Sasa vua hiyo miwani unisikilize."

Kasmir akaipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Ukuta huu umekula vanishi," shangazi akaendelea. "Na juu ya vanishi umekula nta. Kila mwisho wa mwezi, miaka thelathini, nimeyeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta ya taa nikausugua mpaka nikajiona sura. Rangi haishiki kwenye nta. Kwa hiyo kwanza unaosha, maji ya moto na magadi, mara mbili. Ukikauka unapiga msasa mpaka mng'ao wote ufe, ukipitisha kiganja usikie mikwaruzo, usisikie utelezi. Unafuta vumbi. Unaziba matundu ya misumari. Halafu ndiyo ufikirie kufungua kopo. Siku tatu za kuandaa, siku moja ya kupaka."

Kasmir alitabasamu tabasamu la mtu aliyewahi kuona lifti.

"Shangazi, magadi ni ya kulainisha maharage."

"Hulainisha na vichwa vigumu, ila inabidi yawe mengi."

"Siku hizi kuna rangi za kisasa. Zinajishikilia zenyewe."

"Zinajishikilia kwenye nini?"

"Kwenye chochote."

"Mimi naijua moja tu inayojishikilia kwenye chochote," alisema Klementina, "nayo ni kupe."

Akamwonyesha ndoo, mfuko wa magadi, karatasi za msasa za kutosha, na kile kisu cha kukwangulia alichotumia Gabriel. Akamkabidhi ufunguo. Mchana ule akapanda gari kuteremka bondeni Mtowisa kwa mdogo wake Stefania, kwenda kuchukua mchele. Angerudi Alhamisi jioni.

Sasa tusimwonee Kasmir. Jumanne aliamka na nia njema kabisa. Alichemsha maji, akamimina magadi, akavua shati, akachagua ubao wa kwanza kwenye kona ya dirishani, akaanza kusugua. Maji yalitoka meusi kama kahawa ya msibani. Akasugua tena, yakatoka ya udongo. Mara ya tatu magadi yakamwingia kwenye kijeraha cha kidole, akaruka akalitaja jina la mama yake. Ubao ulipokauka akaupiga msasa. Ulipofifia na kuwa mweupe-mweupe kama kisigino cha mkulima, jua lilikuwa limepita utosini na mabega yake hayakuwa yake tena. Akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake.

Ubao mmoja.

Akahesabu zilizobaki. Sitini na moja.

Akazihesabu tena kuanzia upande wa pili, labda zingepungua. Hazikupungua. Kasmir akavaa shati.

"Fundi Dar!" Loth, rafiki yake wa bodaboda, akampokea kijiweni. "Ukuta umekwisha?"

"Ukuta unapumzika."

"Umechoka na nini ukuta?"

"Wewe Loth kazi yako kushika mafuta na breki. Mambo ya kitaalamu utayaweza? Mbao zikishaoshwa lazima zipumue."

"Umeziosha zote?"

"Nimeziosha... za kutosha."

Jumatano nayo mbao zilipumua. Kasmir alipumua pamoja nazo, pale kijiweni, akiwaeleza vijana tofauti ya fundi na mtaalamu. Fundi, alisema, hutumia nguvu. Mtaalamu hutumia akili. Vijana wakamuuliza yeye ni yupi. Akawaambia wasubiri Ijumaa.

Alhamisi asubuhi akafungua rangi ya maji, nyeupe, ile ya kuta za saruji, kwa sababu hiyo hukauka haraka na yeye muda ulikuwa umemwishia. Akaanza na ule ubao wa kona. Rangi ikakaa, imetulia, imenywewa. Kasmir akapiga mluzi. Akahamia ubao wa pili.

Rangi ikakataa. Ilijikusanya matone matone, ikakimbiana, kama maji juu ya jani la gimbi. Akapitisha rola, ikatanuka, halafu akiwa anatazama ikajikunja tena. Mtu mwingine angeshuka kwenye kigoda akaifuata ndoo ya magadi. Ubao ulikuwa umeshasema yote aliyosema shangazi, tena kwa picha. Lakini Kasmir alikuwa amekaa Dar miaka sita, na hakurudi nyumbani kuja kufundishwa kazi na ubao.

"Unataka nyingi?" aliuambia. "Nitakupa nyingi."

Akaupa. Akapaka mkono wa kwanza mzito kama uji wa mgonjwa. Kabla haujakauka vizuri akapaka wa pili. Saa nane mchana akapaka wa tatu. Penye matone akajaza, penye michirizi akafunika. Na kufikia saa kumi, lazima tuseme ukweli hata kama unaudhi, sebule ya Klementina iling'aa. Ilikuwa nyeupe kama kanzu ya mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Kasmir alisimama katikati akiwa amefumba jicho moja, akapiga picha sita, akachagua ile isiyoonyesha kona, akaituma kwenye kundi la simu la kigango.

Mikono ya maombi ikamiminika. "Hongera fundi." "Mungu akuzidishie." "Kumbe!" Hilo "kumbe" Kasmir alilisoma mara nne. Mzee Mathias peke yake aliandika: "Tutaona kesho."

Jioni, Klementina akashuka kwenye gari na gunia lake la mchele, amejifunga khanga mbili na bado anatetemeka; mtu aliyetoka kwenye joto la Mtowisa akapandishwa mlimani mwezi wa saba huona kama ametumbukizwa kisimani. Akasimama mlangoni. Akautazama ukuta. Akasogea, akaweka kiganja, akakitoa, akakinusa.

"Uliosha?"

"Shangazi, tazama ukuta. Usiniulize mimi."

"Nimeshauuliza," alisema. "Haya. Kaa basi ule wali."

Kasmir hakukaa. Kijiweni walikuwa wanamsubiri kumpongeza. Klementina akaleta jiko la mkaa, akaliweka sebuleni, akafungua dirisha kidogo kama alivyozoea kila kipupwe, akapika, akala, akaota moto mpaka mifupa ikakubali. Kisha akalitoa jiko nje, akaenda kulala.

Ijumaa saa moja asubuhi simu ya Kasmir ikalia.

"Njoo uchukue rangi yako," shangazi alisema.

"Imebaki nyingi kwenye ndoo?"

"Imebaki sakafuni."

Alikimbia. Loth alimpakia nusu ya njia, na nusu iliyobaki Kasmir aliruka na kukimbia kwa miguu kwa sababu aliona pikipiki inachelewa. Alipofungua mlango alisimama kama mtu aliyefungua choo akakuta kuna mtu.

Rangi ilikuwa imebanduka. Si kumenyeka hapa na pale. Ilikuwa imeachia na kushuka kwa vipande vizima, virefu kama mashuka, vingine vikining'inia kwa kucha, vingine vimelala chini vimejikunja kama ngozi ya nyoka. Nyuma yake mninga wa Gabriel ulikuwa uko vile vile, mwekundu, unang'aa, hauna hata doa. Ungefikiri umefurahi. Kwenye kona ya dirishani tu ndipo palipobaki ubao mmoja mweupe, umesimama peke yake kama shahidi aliyewahi kufika mahakamani.

Kasmir akaokota shuka moja, akalibandika ukutani kwa viganja viwili. Akaachia kiganja cha kulia, likakaa. Akaachia cha kushoto, likamwangukia kichwani.

"Mwanangu," Klementina alisema kutoka mlangoni, akiwatupia kuku makapi ya ulezi huku hatazami, "hata plasta, kidonda huoshwa kwanza."

"Shangazi, kamati inakuja saa tatu."

"Najua. Nimeshawachemshia chai."

Kasmir akaona kanisa linamponyoka. Akamwona fundi wa mjini amepanda ngazi nyuma ya altare, na chini yake, ameshika ngazi, akajiona yeye mwenyewe. Akamwona shemeji yake na mwiko. Na hapo, kwa shida ile ile inayomfundisha paka kuogelea, akakumbuka silaha yake ya Dar.

Silaha yenyewe ni hii. Ukiwa Dar es Salaam ukasema unatoka Sumbawanga, watu husogea kidogo kwenye benchi. Jirani anayekopa chumvi huirudisha. Nyapara anayetukana wote, wewe anakuita "kaka". Wanaamini kila mtu aliyetoka huku ana radi mfukoni. Kasmir alikuwa ameila sifa hiyo miaka sita bila kunawa. Hakuwahi kusema anaroga, alitabasamu tu na kutazama mbali, na dunia ikajaza yenyewe. Sifa hiyo mbaya imewatesa watu wa huku, wasichana wamekosa wachumba na vijana wamekosa vyumba kwa ajili yake, lakini Kasmir alikuwa ameigeuza godoro, akalalia. Alichosahau asubuhi ile ni kwamba Sumbawanga, ukisema unatoka Sumbawanga, watu hukuuliza mtaa gani tu.

Saa tatu kamili Mzee Mathias akaingia na katibu wa kamati, Jenifa, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa na daftari, kalamu mbili, na sura ya mtu anayesahihisha hata akiwa njiani. Wakakuta Kasmir amesimama katikati ya mashuka yale, mikono nyuma, uso wa huzuni takatifu.

"Mzee Mathias," alianza kwa sauti ya kuzama, "dada Jenifa. Mimi jana niliacha ukuta mweupe. Picha mliiona."

"Tuliiona," alisema Mzee Mathias.

"Leo mnaona hivi. Mimi ni fundi, nimepaka maghorofa. Rangi hubanduka kwa miaka. Inapauka, inapasuka, ndipo inabanduka. Hii imebanduka usiku mmoja." Akatazama mbali, kama alivyozoea kule Dar. "Sitaki kumtaja mtu. Lakini ninyi ni watu wazima. Kuna watu hawakupenda kazi ya kanisa ije kwangu."

Klementina akaacha kuku, akaingia ndani.

Mzee Mathias alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi sisemi kwamba nasema," alisema polepole. "Ila usiku mmoja... usiku mmoja ni muda mfupi."

"Mfupi sana, mzee wangu."

"Na wivu upo."

"Upo! Upo hata kwenye Biblia!"

"Maana kama ni mambo hayo," Mzee Mathias aliendelea, akijisogeza taratibu kutoka kwenye shuka lililokuwa karibu na kiatu chake, "hatuwezi kumlaumu fundi. Pengine tumwombe Padri aje abariki nyumba, kisha kijana apake upya, na ile ya kanisa..."

Moyo wa Kasmir ukaruka. Kanisa lilikuwa linarudi, analiona, limebakiza hatua mbili.

"Samahani Mwenyekiti," alisema Jenifa, kalamu imesimama juu ya daftari. "Niandike nini? 'Kamati ilitembelea ukuta ikakuta umerogwa'? Muhtasari huu anausoma Paroko."

"Andika... andika changamoto."

"Changamoto gani?"

"Za kimazingira," alisema Kasmir haraka.

"Kabla hujaandika," alisema Klementina, "njoo hapa mwalimu."

Akachukua kikombe cha maji, akachovya vidole, akarusha matone kwenye ubao mwekundu uliokuwa umevuliwa rangi. Matone yakasimama juu yake, ya duara, yanang'aa, kisha yakateleza mpaka chini bila kuacha unyevu. Akapitisha ukucha wa kidole gumba. Ukaja na kitu cha manjano, laini. Akamnusisha Jenifa.

"Asali?" alisema Jenifa.

"Nta. Miaka thelathini ya nta. Jana nimewasha jiko humu, nta ikalainika, ikaachia. Nilimwambia aioshe. Nilimwachia magadi, nilimwachia msasa."

"Niliosha!" alisema Kasmir.

Jenifa alikuwa ameshafika kwenye kona ya dirishani. Akaugonga ule ubao mweupe, akaukwangua kwa kifuniko cha kalamu. Rangi haikutingishika.

"Huu je? Mchawi alifika hapa akachoka?"

Kicheko kilimtoka Loth, aliyekuwa amejiegemeza kwenye kizingiti tangu zamani na hakuna aliyemkaribisha. "Huo ndio aliouosha, mwalimu," alisema. "Zile nyingine zilikuwa zinapumua."

"Wewe Loth, nyamaza wewe!" Kasmir jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. Lakini aliyekalia kuti kavu hapigi makofi. Hushika kuti lolote lililo karibu. Akamgeukia Mzee Mathias, maana huyo ndiye aliyekuwa bado anasitasita, na huyo ndiye aliyekuwa na kanisa mkononi.

"Sawa, mzee. Tuseme nta ipo. Mimi sibishi, nta ipo. Lakini jiko moja la mkaa! Jiko la kupikia wali! Tazama ukuta huu ulivyo mkubwa. Tazama mbao zilivyo safi, hakuna mkwaruzo, hakuna hata tone la rangi lililobaki. Hesabu, mzee, ni mbao sitini na moja. Zimevuliwa zote usiku mmoja. Na shangazi amelala hapo, chumba cha pili, ukuta huu huu, muulize, alisikia kelele?"

"Ulisikia kelele, mama?" Mzee Mathias aliuliza.

"Sikusikia," alisema Klementina.

"Amesikia? Hajasikia!" Kasmir akapandisha sauti, maana aliona mzee anatikisa kichwa kwa namna inayomwelekea. "Sasa niambieni, kuna binadamu gani wa kawaida anaweza kusafisha mbao sitini na moja usiku mmoja, kimya kimya, bila kuacha alama? Nani? Nitajieni mmoja hapa Kasense! Kama si mchawi, ni nani?"

Mzee Mathias akamtazama Jenifa. Jenifa akamtazama Klementina. Klementina alikuwa ameinama na ufagio, anakusanya rangi ya mpwa wake na kuijaza kwenye gunia. Alimaliza shuka lililokuwa miguuni, akalifunga gunia, akanyoosha mgongo.

"Unasema sitini na moja?"

"Sitini na moja, shangazi!"

"Usiku mmoja, bila kelele wala mkwaruzo?"

"Hata mmoja!"

"Basi Mwenyekiti," alisema Klementina, "mtafuteni huyo mchawi, kazi ya kanisa mpeni yeye, maana huyu nilimpa siku nne akasafisha ubao mmoja."